Upasuaji wa msuli wa kalio: Fahamu hatari zake na safari ya kupona

MAUMIVU yanayoanzia kwenye kalio na kuteremka nyuma ya paja hadi kwenye wayo huwafanya watu wengi kuamini kwamba uti wa mgongo wao una kasoro.

Aghalabu huwa kweli. Hata hivyo, wapo wagonjwa wanaopigwa picha za mgongo mara mbili au tatu, na kila mara hurejeshwa nyumbani wakiambiwa hakuna kilichoonekana, ilhali hawawezi kuketi ndani ya matatu kwa nusu saa bila kujipinda kwa uchungu.

Kwa baadhi yao, chanzo cha mateso huwa ni msuli mdogo uliojificha ndani kabisa ya kalio. Madaktari huuita pirifomisi. Na miongoni mwa hao, wachache ambao hawasaidiwi na dawa wala mazoezi hatimaye huambiwa kwamba wanahitaji kupasuliwa.

Hapo ndipo maswali mazito huzuka. Je, mtu akikatwa msuli ataweza kutembea tena? Neva ikiguswa atapooza? Atarudi kazini lini, na nani atalisha watoto akiwa kitandani?

Ni maswali ya haki. Majibu yake yanaanza kabla ya mgonjwa kulala kwenye meza ya upasuaji, na yanaendelea kwa miezi kadhaa baada ya kidonda kufunga. Anayejali saa ile moja tu ya kisu huwa hajauelewa upasuaji huu.

Msuli wenyewe

Pirifomisi una umbo linalokaribia la tunda la pea. Huanzia mbele ya mfupa ulio mwishoni mwa uti wa mgongo, juu ya kifandugu, kisha hukatiza kalio kwa upande hadi kwenye kichwa cha juu cha mfupa wa paja.

Kazi yake ni kuuzungusha mguu kuelekea nje mtu anaposimama, na kuusogeza paja kando anapokuwa amekunja nyonga, kama vile anaposhuka garini.

Kinachoufanya msuli huu kuwa na sifa mbaya ni jirani yake. Chini yake hupita neva ya siatiki, ambayo ndiyo neva nene kuliko zote mwilini. Neva hiyo huteremka nyuma ya paja na matawi yake hufika hadi kwenye vidole vya mguu.

Msuli ukivimba, ukikaza au ukipata kovu, huweza kuibana neva hiyo. Mgonjwa husikia maumivu kaliani, ganzi, au mwasho wa kuchomachoma unaoteremka mguuni. Kuketi kwa muda mrefu, kupanda ngazi na kukimbia huzidisha hali.

Si kila mtu ameumbwa sawa. Kwa takriban watu 17 kati ya kila 100, neva hiyo au tawi lake hupenya katikati ya msuli au hupita juu yake. Kwa muda mrefu ilidhaniwa kwamba hao ndio wanaougua zaidi. Lakini mapitio ya uchunguzi wa maiti zaidi ya 6,000, yaliyochapishwa mwaka wa 2010, yalionyesha kwamba maumbile hayo hayapatikani kwa wingi zaidi miongoni mwa wagonjwa waliopasuliwa.

Ugonjwa unaotatanisha

Mnamo 1928 daktari Mwingereza, Yeoman, aliandika kwamba msuli huu unaweza kuhusika na maumivu ya mguu. Miaka sita baadaye, mwaka wa 1934, madaktari wa Marekani, Mixter na Barr, walieleza jinsi sahani za gegedu zilizo kati ya pingili za uti wa mgongo zinavyoweza kuchomoza na kuibana mizizi ya neva.

Tangu hapo macho ya matabibu yaligeukia mgongo, na msuli wa kalio ukasahaulika kwa kiasi kikubwa. Ilikuwa mwaka wa 1947 ambapo daktari mwingine wa Marekani, Robinson, aliupa ugonjwa huu jina linalotumika hadi leo.

Mpaka sasa hakuna kipimo kimoja kinachoweza kuuthibitisha kwa uhakika. Daktari huanza kwa kuondoa washukiwa wengine: sahani ya mgongo iliyochomoza, kiungo cha nyonga kilicholika, uvimbe, au maambukizi. Hii ndiyo sababu picha ya MRI ya kiuno huhitajika hata pale mgonjwa anaposisitiza kwamba maumivu yako kaliani.

Kisha daktari huukunja mguu wa mgonjwa kwenye nyonga, akauvuta kuelekea mguu wa pili na kuuzungusha kwa ndani. Mkao huo huutanua msuli, na iwapo maumivu ya kawaida yatarejea, shaka huongezeka.

Hatua muhimu zaidi ni sindano ya majaribio. Daktari huingiza dawa ya ganzi ndani ya msuli huku akiongozwa na mashine ya ultrasaundi au eksrei. Maumivu yakitoweka kwa saa kadhaa, kuna sababu nzuri ya kuamini kwamba msuli huo ndio mkosaji. Yasipotoweka, ni heri kutafuta chanzo kwingine kabla ya kufikiria kisu.

Mgonjwa aliyepasuliwa kaliani ilhali ugonjwa wake uko mgongoni atabaki na maumivu yale yale, pamoja na kovu jipya juu ya neva.

Kisu ni hatua ya mwisho

Wataalamu wengi hukubaliana kwamba upasuaji haufai kuzungumziwa kabla ya mgonjwa kujaribu tiba nyingine kwa miezi mitatu hadi sita, isipokuwa pale neva inapozidi kudhoofika au panapogunduliwa uvimbe.

Tiba hizo ni kupunguza muda wa kuketi, kuunyoosha msuli kila siku chini ya uelekezi wa mtaalamu wa fiziotherapia, kuimarisha misuli ya nyonga na tumbo, na kutumia dawa za kutuliza maumivu kwa muda mfupi. Dawa kama diklofenaki na ibuprofeni, zikimezwa kiholela kwa miezi, huweza kuumiza tumbo na figo.

Pia kuna sindano za steroidi, na zile za sumu ya botulini ambayo huulegeza msuli kwa wiki kadhaa.

Wanaume hushauriwa kutoa pochi kwenye mfuko wa nyuma kabla ya kuketi. Ushauri huu si mzaha, kwani tangu miaka ya 1970 majarida ya kitabibu ya Marekani yamekuwa yakieleza visa vya watu walioumia neva kwa kukalia pochi nene.

Matokeo ya tiba hizi hutia moyo. Mwaka wa 2002, watafiti wa Marekani waliokusanya rekodi za mamia ya wagonjwa kwa miaka 10 waliripoti kwamba takriban asilimia 79 ya waliopatikana na dalili kwenye kipimo cha kukunja nyonga walipata nafuu ya nusu au zaidi kwa sindano na mazoezi pekee.

Ndani ya chumba cha upasuaji

Kwa wale wachache wanaobaki, lengo la upasuaji ni kuipa neva nafasi. Daktari hukata kano ya msuli karibu na mahali inaposhikana na mfupa wa paja, kisha huondoa nyuzi za kovu zilizoizingira neva.

Kuna njia mbili. Ya kwanza ni kupasua kalio kwa mkato wa sentimita kadhaa. Ya pili, ambayo imeenea zaidi katika miaka ya hivi karibuni, ni kutumia matundu madogo, kamera nyembamba na vifaa virefu. Mgonjwa hupewa nusukaputi, au hutiwa ganzi kutoka kiunoni kwenda chini.

Je, kukatwa kwa msuli huo humlemaza mtu? Jibu ni la. Pirifomisi haufanyi kazi peke yake. Ipo misuli mingine mifupi inayouzungusha mguu kuelekea nje, na ile mikubwa ya kalio husaidia. Madaktari wanaobadilisha kiungo cha nyonga kwa kupitia nyuma huikata kano hiyo hiyo mara kwa mara, ingawa mara nyingi huishona tena, na wagonjwa wao hutembea. Udhaifu kidogo unaojitokeza mwanzoni hupungua kadiri misuli mingine inavyopata nguvu.

Hatari zilizopo

Hakuna upasuaji usio na hatari, na huu hufanyiwa mahali penye msongamano wa neva na mishipa ya damu.

Hatari inayoogopewa zaidi ni kuumia kwa neva ya siatiki yenyewe. Sehemu yake inayohudumia mbele ya mguu ndiyo dhaifu zaidi. Ikiumia, mgonjwa hushindwa kuinua wayo na huburura vidole anapotembea. Ajali hiyo si ya kawaida mikononi mwa daktari mzoefu, lakini mgonjwa anapaswa kuelezwa kabla ya kutia sahihi fomu ya idhini.

Karibu na hapo kuna neva ndogo inayohudumia ngozi ya nyuma ya paja. Ikivutwa au ikikatwa, mtu hubaki na ganzi sehemu hiyo. Nyingine hulipa nguvu kalio lenyewe. Ikiumia, kupanda ngazi na kuinuka kitini huwa kazi ngumu. Neva ya sehemu za siri nayo haiko mbali.

Mishipa mikubwa ya damu ya kalio hupita juu na chini ya msuli huu. Mmoja ukikatwa, damu huweza kuvuja kwa wingi au kukusanyika ndani na kuibana neva iliyokuwa ikikombolewa.

Kuna pia hatari za upasuaji wowote: kidonda kuingia viini na kutunga usaha, mwili kukataa dawa za nusukaputi, na damu kuganda kwenye mishipa ya mguu. Donge la damu likisafiri hadi mapafuni huweza kuua.

Hatari ya mwisho haina kelele lakini huwasumbua wengi: upasuaji kufanyika vyema, kidonda kupona, na maumivu kubaki au kurejea baada ya miezi. Huenda neva ilibanwa kwa muda mrefu mno, huenda kovu jipya limeizingira, au chanzo hakikuwa msuli huo tangu mwanzo.

Wagonjwa wa kisukari ambao sukari yao haijadhibitiwa na wavutaji sigara hupona polepole na huambukizwa viini kwa urahisi. Anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda, kama warfarini au aspirini, na hata dawa za miti shamba, sharti amweleze daktari mapema.

Wiki za kwanza

Wengi hurudi nyumbani siku hiyo hiyo au baada ya siku moja au mbili. Mgonjwa huanza kutembea mapema, kwa msaada wa mikongojo, kwa sababu kutembea huzuia damu kuganda na huifanya neva iteleze badala ya kunasa kwenye kovu.

Mikongojo huhitajika kwa siku chache hadi wiki mbili au zaidi, kutegemea ukubwa wa mkato na maagizo ya daktari. Nyuzi hutolewa kati ya siku ya 10 na ya 14. Kabla ya hapo kidonda kisiloweshwe, na bendeji iachwe kama alivyoelekeza muuguzi.

Kuketi ndiko mtihani mkubwa. Wagonjwa hushauriwa kuketi kwa dakika chache chache kwenye mto laini, wakiinuka mara kwa mara, na kulala chali au kwa ubavu usiopasuliwa huku mto ukiwa katikati ya magoti.

Katika nyumba nyingi nchini, choo ni cha kuchuchumaa. Mkao huo huikunja nyonga kupita kiasi na kuuvuta msuli uliokatwa. Familia yafaa itafute kiti cha choo cha kubebeka, au kiti cha kawaida kilichotobolewa, kabla ya mgonjwa kutoka hospitalini. Muumini anayesujudu au kupiga magoti aombe ruhusa ya kusali akiwa kitini au amesimama hadi daktari atakapomruhusu.

Kosa moja la kuepukwa ni kumwita mkandaji wiki za kwanza. Kulikanda kalio lenye kidonda kibichi huweza kufungua mishipa ya damu na kuichokoza neva. Sindano za kutuliza maumivu pia zisidungwe upande uliopasuliwa. Hata kwa mtu mzima wa afya, wauguzi hufunzwa kudunga robo ya juu ya nje ya kalio ili wasiiguse neva ya siatiki.

Kurudi kazini

Mazoezi hupanda kwa hatua. Mwanzoni huwa ni kukunja na kunyoosha vifundo vya miguu, kukaza misuli ya kalio bila kuusogeza mguu, na kutelezesha kisigino kitandani. Kunyoosha kwa nguvu huja baadaye, na kuimarisha misuli ya nyonga hufuata.

Kwa makadirio ya jumla, afanyaye kazi ya ofisini huweza kurejea baada ya wiki mbili hadi nne, akiwa na ruhusa ya kusimama kila mara. Kuendesha gari hungoja hadi mtu aache dawa kali za maumivu na aweze kukanyaga breki kwa ghafla bila kusita.

Mkulima, mjenzi au mchukuzi huhitaji wiki sita hadi 12. Mwendeshaji bodaboda, ambaye hukaa ametanua mapaja huku akitikiswa na barabara mbovu, yuko katika kundi hilo hilo. Mkimbiaji huanza kukimbia polepole baada ya takriban miezi mitatu, na hupaswa kusimama maumivu ya mguu yanaporejea.

Haya ni makadirio. Mpango halisi hutolewa na daktari aliyepasua na mtaalamu wa fiziotherapia, kwani ni wao wanaojua kilichokatwa na hali ya neva ilivyoonekana.

Neva haina haraka

Wagonjwa wengi huvunjika moyo mwezi wa pili. Kidonda kimefunga, jamaa wamerudi makwao, lakini wayo bado una ganzi.

Iwapo neva ilibanwa tu bila nyuzi zake za ndani kufa, hisia hurejea katika wiki au miezi michache. Lakini nyuzi zilizokufa huota upya kwa kasi ya takriban milimita moja kwa siku. Kutoka kaliani hadi vidoleni ni karibu sentimita 90. Kwa hesabu hiyo, neva iliyoumia vibaya huhitaji takriban siku 900, yaani miaka miwili na nusu, kufika mwisho wa safari, na si kila mara hufika.

Dalili njema ni ganzi kurudi nyuma kidogo kidogo kuelekea vidoleni, au mchomo kama wa sindano unaoshuka mguuni miezi inavyosonga. Mchomo huo humtisha mgonjwa, ingawa huweza kuwa habari njema.

Usingoje kliniki ijayo

Zipo dalili ambazo hazifai kusubiri tarehe iliyoandikwa kwenye kadi. Mgonjwa apelekwe hospitalini mara moja akiwa na homa, kidonda kikitoa usaha au harufu, au kalio likivimba ghafla na kuwa gumu.

Vivyo hivyo, kigimbi cha mguu mmoja kikivimba na kuuma, au akishikwa na kichomi kifuani na kukosa pumzi, huenda damu imeganda. Akishindwa kuinua wayo ambao jana aliuinua, daktari ajulishwe siku hiyo hiyo.

Ganzi katikati ya mapaja na sehemu za siri, pamoja na kushindwa kuzuia au kutoa mkojo na choo, ni dharura ya uti wa mgongo. Saa zikipotea, madhara huweza kuwa ya kudumu.

Maswali ya kuuliza

Kabla ya kukubali kupasuliwa, mgonjwa ana haki ya kuuliza: Ni kipimo gani kimeonyesha kwamba tatizo ni msuli huu? Je, sindano ya majaribio iliniletea nafuu? Daktari amefanya upasuaji wa aina hii mara ngapi? Nisipopasuliwa, nini kitatokea?

Daktari mweledi hakasirishwi na maswali hayo, wala na ombi la maoni ya daktari wa pili. Jina lake pia linaweza kutafutwa katika sajili ya Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno nchini, KMPDC.

Suala la gharama lisiachwe hadi siku ya mwisho. Mgonjwa aulize hospitali ni kiasi gani kitalipwa na Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, iliyochukua mahali pa NHIF mnamo Oktoba 2024, au na bima yake ya kibinafsi. Aulize pia kuhusu fiziotherapia. Familia nyingi huchangisha pesa za upasuaji na kusahau kwamba vikao vya mazoezi vitaendelea kwa wiki nyingi baadaye, na mgonjwa anayeviacha kwa kukosa nauli hujinyima sehemu kubwa ya faida aliyolipia.

Mwisho, ahesabu siku ambazo hataingiza mapato, na apange nani atachota maji, nani atafungua duka, na nani atampeleka kliniki. Mwenye kujipanga hivyo huweza kuipa neva yake muda inaouhitaji. Anayerudi shambani au kwenye usukani wiki ya pili kwa sababu hakuwa na mpango mwingine hujitia katika hatari ya kurejea mezani pa daktari.